Watoto saba Mandera, wawili Kirinyaga: uchambuzi wa kisa

Ripoti ya utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu nchini Kenya, KDHS ya 2022, ina jedwali moja ambalo narudi kulisoma mara kwa mara. Linaonyesha kiwango cha uzazi kaunti kwa kaunti, yaani idadi ya watoto ambao mwanamke angewazaa maishani mwake kama hali ya sasa ingeendelea. Kitaifa ni watoto 3.4. Nairobi ni 2.5. Mandera, kaskazini mashariki kwenye mpaka na Somalia, ni 7.7, Pokot Magharibi 6.9, Wajir 6.8. Miaka minane kabla yake, katika utafiti wa 2014, Wajir ndiyo iliyoongoza kwa 7.8, na mkiani ilikuwa Kirinyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, 2.3. Takwimu za kaunti mojamoja huyumba kutoka utafiti mmoja hadi mwingine kwa kuwa kaya zinazohojiwa si nyingi, kwa hivyo sitagombana na mtu kuhusu nukta. Pengo lenyewe halina ubishi. Wanawake wa nchi moja, wenye kitambulisho kimoja na wanaopiga kura siku moja, wametenganishwa na watoto watano.

Maelezo ya haraka tunayajua sote. La kwanza: ni dini na mila, watu wa kaskazini ndivyo walivyo. La pili: wanazaa kupita kiasi, ndiyo maana ni maskini. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu historia ya Kenya yenyewe inayakanusha yote mawili, na ushahidi uko Kirinyaga.

Nyanya zao walizaa wangapi?

Utafiti wa kwanza wa uzazi wa kitaifa ulifanywa mwaka 1977 na 1978. Kiwango cha taifa kilikuwa 8.1. Mkoa wa Kati, ambao Kirinyaga ilikuwa ndani yake, haukuwa chini ya hapo: wanawake wake walikuwa wakizaa zaidi ya watoto 8 kila mmoja. Nyanya wa yule mwanamke wa Kirinyaga mwenye watoto wawili alizaa wengi kuliko anavyozaa mama wa Mandera leo. Sensa ya 1979 ilikuta watu wakiongezeka kwa takriban asilimia 3.8 kwa mwaka, mojawapo ya kasi kubwa zaidi zilizowahi kuandikwa duniani. Kwa mwendo huo idadi ya watu huongezeka maradufu kila baada ya miaka 18.

Na si kwamba serikali ilikuwa imelala. Mwaka 1967 Kenya ilianzisha mpango rasmi wa upangaji uzazi, wa kwanza kusini mwa Sahara. Kwa zaidi ya miaka kumi mpango huo haukutikisa chochote. Vidonge vilikuwepo na wauguzi walikuwepo, lakini watu waliendelea kuzaa wanane. Kisha, kama mtu aliyefungua mfereji, kiwango kikaanza kushuka: 6.7 mwaka 1989, 5.4 mwaka 1993, 4.7 mwaka 1998. Mkoa wa Kati ulikuwa miongoni mwa iliyotangulia.

Ni nini kilichobadilika? Chukua familia moja ya kawaida kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Miaka ya hamsini, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, serikali ya kikoloni ilianza kupima mashamba na kuyaandikisha kwa majina ya watu, na Waafrika wakaruhusiwa kwa wingi kupanda kahawa na chai. Baba akawa na ekari sita na hati yake. Ana wana watano. Kila mmoja akioa anakatiwa ekari moja na kitu. Mjukuu akifika, kinachobaki ni kipande ambacho mbuzi akifungwa katikati anafika mipakani. Mtoto wa tano hapo hahesabiwi tena kama mikono ya kuchuma kahawa, kwa sababu kahawa yenyewe imekuwa mistari michache. Yeye ni mdai wa ardhi isiyokuwepo.

Njia iliyobaki ya kumrithisha ni shule, na shule ilikuwa karibu. Vijiji vilichanga harambee vikajenga za sekondari, na hela za kahawa zikalipa karo. Sasa mtoto anakula kwa miaka kumi na minane bila kuleta kitu, anahitaji sare, vitabu na nauli. Mwanademografia wa Australia, John Caldwell, alilieleza jambo hili mwaka 1976: uzazi hushuka pale mali inapogeuza mkondo, ikaacha kutiririka kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi na kuanza kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mkulima wa Kirinyaga hakuhitaji kumsoma Caldwell. Alikuwa na risiti ya karo mkononi.

Kuna kitu kingine kilicho muhimu kuliko karo, nacho husahaulika haraka. Watoto waliacha kufa. Zahanati zilisogea, chanjo zikafika, maji yakavutwa karibu na nyumba. Mama aliyezika watoto wawili anazaa akiwa na hofu, na hana budi. Mama ambaye watoto wake wote wamefikia umri wa kuanza shule anaweza kusema inatosha, na mume wake akamsikia. Hapo ndipo mpango wa 1967, uliokuwa umekaa kama mbegu kwenye udongo mkavu, ulipoota.

Upande wa pili wa ramani

Wakati huohuo kaskazini mashariki hakukuja hati, wala kahawa, wala harambee yenye mfuko. Wakoloni waliifanya sehemu hiyo kuwa wilaya iliyofungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Uhuru ulipofika 1963 vita vya Shifta, vya waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vilikuwa vikianza. Vilimalizika 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko mpaka 1991. Kizazi kizima kilikua chini ya amri ambazo Mkenya wa Nyeri au Kisumu hakuwahi kuzijua.

Katikati ya vita hivyo ukatoka Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965. Waraka huo una mambo mazuri kuhusu usawa na utu, lakini una aya moja ambayo imeandika maisha ya mamilioni ya watu. Inasema fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la mapato, kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida ya huko ndiyo ingekuja kusaidia wengine. Kwa hesabu za mhasibu aya hiyo ina mantiki. Kwa Mandera ilikuwa hukumu. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru, na hiyo hata haifiki Mandera. Takwimu za 2015/16 ziliwaweka chini ya mstari wa umaskini asilimia 77.6 ya watu wa Mandera, dhidi ya karibu asilimia 20 Kirinyaga.

Ndani ya hali hiyo, hesabu ya mtoto ni nyingine kabisa, na inafaa tuifanye polepole. Tuseme kuna familia yenye mbuzi na ngamia. Wanyama hao hawawezi kulishwa pamoja kiangazi kikikaza. Mbuzi lazima wanywe maji kila baada ya siku chache, hivyo hawaendi mbali na kisima. Ngamia hukaa zaidi ya wiki bila kunywa, kwa hivyo wanapelekwa mbali kwenye majani. Mnyama mwenye maziwa anabaki na mama na wadogo. Vitoto vya mbuzi vinachungwa karibu na boma na mtoto wa miaka sita. Mbuzi wakubwa wanakwenda na dada yake wa miaka kumi au kumi na miwili. Ngamia wanataka vijana wawili wenye nguvu, kwa sababu mmoja akiugua kule nyikani mwingine lazima abaki na mifugo. Kuna wa kufuata maji na punda, kutwa nzima. Mmoja apelekwe shule, maana serikali ikija lazima awepo wa kusoma barua. Mmoja aende mjini, Garissa au Nairobi, atume pesa mvua zikikataa.

Mvua zilikataa. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya maana, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Familia iliyokuwa na watoto wawili tu, na ngamia wote wamekufa, ilibaki na nini? Iliyokuwa na mtoto Nairobi ilibaki na simu. Huyo mtoto wa mjini ndiye akiba, bima na pensheni ya wazazi wake, na ili ubahatike kuwa na mmoja aliyefanikiwa ni lazima uwe umezaa kadhaa. Kumwambia mama huyo kwamba umaskini wake unatokana na watoto wake ni kumwambia mtu anayezama kwamba boya ndilo linalomlemea.

Mpango wa ruzuku za fedha kwa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera umekuwepo tangu mwishoni mwa muongo wa 2000, na wazee waliofikia miaka 70 wanapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Nauheshimu mpango huo. Ila shilingi elfu mbili haijamfanya mtu yeyote aamini kwamba uzee wake uko salama bila watoto.

Je, si dini?

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji waliangalie jedwali tena. Wakazi wa Mandera na Wajir wengi ni Wasomali Waislamu. Lakini kaunti ya pili kwa uzazi mwaka 2022 ni Pokot Magharibi, ambako wengi ni Wakristo na hakuna Wasomali wa kuwataja. Pokot Magharibi na Mandera hawashiriki msikiti wala lugha. Wanashiriki ukame, mifugo, mipaka yenye bunduki, na umbali kutoka mezani ambapo bajeti inagawanywa. Nje ya Kenya, Iran, ambayo ni jamhuri ya Kiislamu, ilishuka kutoka watoto zaidi ya 6 katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 2 muda mfupi baada ya 2000. Bangladesh ilikuwa karibu na 7 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na miaka 40 baadaye ilikuwa takriban 2.3. Nchi hizo mbili ziliwapeleka wahudumu wa afya vijijini na wasichana darasani.

Sisemi kwamba mila haina nguvu. Msichana kuozwa mapema ni mila, na mume kuwa na sauti ya mwisho kuhusu uzazi ni mila pia. Lakini mila hizo zilikuwepo Mkoa wa Kati vilevile, na zililegea pale msichana alipopata kitu kingine cha kufanya akiwa na miaka kumi na sita. KDHS inaonyesha hivyo kwa nchi nzima: mwanamke asiyekwenda shule kabisa, watoto 6.3, aliyepita sekondari, 2.8. Fungu la kaya maskini zaidi, 5.3, la tajiri zaidi, 2.7.

Sasa tazama kilichoipata shule ya kaskazini mashariki. Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera wakaua abiria 28, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao likizo. Aprili 2015 wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu wengine watatu wakauawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kwa maelfu. Siwalaumu waliokimbia, hakuna aliyeajiriwa ili afe. Lakini msichana aliyebaki kwenye darasa lisilo na mwalimu wa hesabu, akatoka kwenye mtihani na alama isiyompeleka popote, ndiye anayeposwa mwaka unaofuata. Kila mwalimu aliyeondoka aliacha nyuma arusi kadhaa.

Kwa hiyo ukisoma kwamba Mandera ni asilimia 2 tu ya wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za kupanga uzazi, wakati kitaifa ni asilimia 57, usikimbilie kupakia lori la vidonge. Vitakaa kwenye rafu mpaka vipitwe na muda, kama vilivyokaa Mkoa wa Kati miaka ya sabini.

Waliokuwa nje ya hesabu

Jambo hili hunikera kuliko yote. Ile hadithi ya ushindi, 6.7 hadi 5.4 hadi 4.7, iliyoifanya Kenya isifiwe kwenye mikutano ya dunia, ilipimwa bila kaskazini. Tafiti za 1989, 1993 na 1998 ziliiacha nje Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya nyingine kavu, kwa sababu ya umbali na usalama. Utafiti wa kwanza kuifunika nchi nzima ni wa 2003, na ulikuta mkoa huo una watoto 7.0 kwa mwanamke. Mwaka huohuo kiwango cha taifa kilipanda kidogo, 4.9, watu wakashtuka. Hata ukiwaondoa wa kaskazini kwenye hesabu, kushuka kulikuwa kumesimama: fedha za wafadhili zilikuwa zimeelekea kwenye UKIMWI, na dawa za kupanga uzazi zikawa zinakwisha kliniki. Waliokwama ni wanawake wasiosoma na maskini. Wenye uwezo walikwenda duka la dawa.

Kichwa kinapokuwa shilingi

Katiba ya 2010 ililigeuza suala hili lote kuwa la pesa taslimu. Mfumo wa kwanza wa kugawa mapato kwa kaunti uliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na nidhamu ya fedha 2. Kwa mara ya kwanza kuwa wengi na kuwa maskini kulileta kitu, na Mandera ikawa miongoni mwa kaunti zenye mgao mkubwa.

Lakini wangapi hasa? Sensa ya 1999 iliiandikia Mandera watu 250,372. Ya 2009 ikaandika 1,025,756. Hiyo ni zaidi ya mara nne katika miaka kumi, ukuaji wa asilimia 15 kwa mwaka, na hakuna tumbo la uzazi duniani linaloweza kazi hiyo. Agosti 2010 waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, akayafuta matokeo ya wilaya nane za Mandera, Wajir, Garissa na Turkana, na kesi zikafuata. Sensa ya 2019 ikaja na 867,457, pungufu ya ile ya 2009, na mahakamani watu wakarudi.

Walio kusini wanaona udanganyifu wa 2009. Mimi naona pia udhaifu wa 1999, sensa iliyopita juu juu mahali ambapo mhesabuji anafika kwenye boma na kukuta majivu ya moto wa jana, kwa kuwa familia imefuata malisho. Mtu wa kuhamahama huulizwa amelala wapi usiku wa sensa kana kwamba ana mlango wenye namba. Kutohesabiwa sawasawa ni sehemu ya umaskini wake, na sasa kunamgharimu madarasa na wauguzi.

Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa miezi juu ya mfumo wa tatu wa ugavi. Wanasiasa wa Mlima Kenya walidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Wa kaskazini walijibu kwamba kumfikishia chanjo mtoto mmoja katika kilomita za mraba 25,900 za Mandera hakugharimu sawa na Kirinyaga yenye 1,478. Walipatana Septemba, baada ya kuahidiwa kwamba kapu lote la kaunti lingeongezwa, na mwaka wa fedha uliofuata likatoka bilioni 316.5 hadi 370. Hiyo ilinunua amani. Hofu ilibaki pande zote mbili, kwa kuwa viti vya ubunge navyo hufuata idadi ya watu: Mandera ina majimbo sita, Kirinyaga manne.

Kutokana na hofu hiyo, kuna viongozi wa Mlima ambao wamewahimiza wanawake wao majukwaani wazae zaidi. Hawasikilizwi, na hawatasikilizwa. Anayelipa karo ni mama, si jukwaa. Vivyo hivyo wataalamu wanaokwenda Mandera kuhubiri familia ndogo hawasikilizwi, kwa sababu anayechunga mbuzi ni mtoto, si mtaalamu. Kaya ya wastani ya Mandera ina watu 6.9, ya Kirinyaga karibu 3, na kila moja imepangwa na watu waliopiga hesabu zao vizuri kwa vifaa walivyopewa.

Dawa iliyoandikwa kwenye Katiba ipo. Ni Hazina ya Usawazishaji, Ibara ya 204: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa miaka ishirini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo imeliwa na kesi na ucheleweshaji, na isipoongezwa na Bunge, hazina hiyo inafikia kikomo chake Agosti 2030. Msichana aliyezaliwa Mandera wiki Katiba ilipotiwa sahihi atakuwa anatimiza miaka ishirini. Siku watafiti watakapofika kwao na daftari, watamuuliza umri wake, darasa alilofika, na watoto alio nao.